Mama Alisema Kuna Kitu

Mwezi uliopita nilimpelekea wifi yangu mtori. Alikuwa amejifungua kwa upasuaji wiki mbili kabla, na nyumba yao kule Themi ilijaa shangazi na mama wadogo waliokuja kumwona mtoto. Nilipofungua hotpoti, mvuke wa ndizi zilizopondwa, nyama na siagi ya kienyeji ukanipanda puani, nikabaki nimesimama na upawa mkononi. Wakati huohuo wifi akasema, taratibu, kama mtu anayeomba radhi, "Huu mshono unaniuma upande mmoja. Si kama juzi." Mama mmoja aliyekaa kwenye kochi akacheka kwa upole. "Kila mzazi anasema hivyo, mwanangu. Kula mtori, utasahau."

Upawa ulinidondoka. Nilimwomba wifi anionyeshe ni wapi hasa, na kesho yake asubuhi nikamsindikiza hospitali. Ulikuwa uzi mmoja tu ulioingia uchafu; wakautoa, akapewa dawa, yakaisha. Wale mama walinicheka wakasema nimepaniki kwa jambo dogo. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni muda mrefu bila kuwasha taa, nikiwa tena na umri wa miaka minane, katika nyumba yetu ya Sokon I, mwaka ule ambao mama alisema kuna kitu.

Nyumba ile baba aliijenga chumba kimoja kimoja. Alikuwa fundi seremala, Mchaga wa Machame, mwenye karakana Ngarenaro, na jioni alirudi na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Mama alikuwa Mmeru, kwao ni juu kwenye miteremko ya mlima, na mbele ya nyumba alikuwa na genge la nyanya, vitunguu na mboga za majani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wateja walimpenda kwa sababu hakubishana. Aliongeza kitunguu kimoja kwenye mfuko na kugeukia mteja mwingine. Baba alimpenda pia. Nalisema hili mapema kwa sababu nisingependa mtu asome haya akidhani nyumba yetu ilikuwa ya ukatili. Hatukuwa watu wabaya, na ndilo jambo linalonishtua mpaka leo.

Mdogo wangu Elibariki alizaliwa kipindi cha masika. Mama aliondoka asubuhi na beseni na vitenge, akarudi siku ya tano ameinama, baba amemshika kiwiko, kwa kuwa hospitali moja ya nje ya mji ilikuwa imempasua. Tayari shangazi Eliaika, dada yake baba, alikuwa ameshuka kutoka Machame na kibuyu cha siagi na mkungu wa ndizi, tayari kumlisha uzazi. Kwetu mzazi hulishwa miezi mitatu. Haoshi chombo, hachoti maji; kazi yake ni kula, kulala na kunyonyesha. Shangazi aliifanya kazi ile kwa moyo wote. Alfajiri nilikuwa nikiamshwa na sauti ya mwiko ukiponda ndizi sufuriani, na harufu ile ikaingia kwenye sare yangu ya shule, kwenye madaftari, kwenye nywele.

Wiki ya tatu mama aliweka bakuli chini akasema, "Wifi, kuna kitu humu ndani. Ni kama nimemeza jiwe." Akagusa chini ya kitovu, upande wa kushoto.

"Tumbo linarudi mahali pake," shangazi akajibu. "Kula."

Mimi niliyasikia yale maneno nikayaelewa kwa namna yangu. Nilikuwa nimeambiwa mtoto hukaa tumboni. Sasa mtoto ametoka na mama anasema bado kuna kitu. Maana yake ni moja tu, kulikuwa na pacha, na pacha wa pili amegoma kutoka. Nililiwazia jambo hilo siku kadhaa. Nilimwona mle gizani, amenuna, anamwonea wivu mwenzake aliyekwisha kupewa jina na kofia ya sufi. Jioni moja mama akiwa amelala chali, nilipanda kitandani, nikaweka mdomo kwenye tumbo lake na kusema, "Toka, tumekutandikia."

Mama alirushwa na maumivu. Alinisukuma mpaka nikaangukia mgongo, na sijawahi kusahau uso wake: mdomo wazi, macho yametoka, hakuna sauti. Kisha akanyoosha mkono akanivuta. "Nisamehe, Anaeli. Umenigusa pale."

Nilimsimulia shangazi habari za pacha. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na kesho yake majirani wote wa uani walikuwa nazo. "Haya, pacha ametoka?" waliniuliza nikipita na ndoo. Niliona aibu kali, ile aibu ya mtoto aliyeamini kitu ambacho wakubwa hawakiamini. Nikaapa moyoni kwamba sitaamini tena. Kuanzia siku hiyo mama aliposema kuna kitu, niliinamisha kichwa nikaangalia vidole vya miguu yangu.

Baba alimpeleka zahanati. Nilikwenda nao, nimebeba mfuko wa nepi. Tabibu alikuwa mwanamume mpole mwenye sauti ya taratibu. Alitazama kovu, akasema limepona vizuri sana, tena akamsifu aliyeshona. Halafu akageuka kwa baba. "Nyumbani anakula?"

"Anakula."

"Anapumzika?"

"Hagusi hata ufagio, daktari."

Akaandika vidonge vya gesi. Walipokwenda mara ya pili, ni kule hospitali alikojifungulia, nako wakasema kila kitu kiko sawa. Mara ya tatu walirudi kwa tabibu yule yule, naye akamtoa baba nje, wakasimama karibu na bomba la maji ambako mimi nilikuwa nakunywa. "Mzee, nikwambie ukweli," alisema. "Mama ana mawazo. Wengine uzazi huwaletea mawazo. Msimsikilize sana. Mkimsikiliza, yanazidi."

Baba aliitikia kwa kichwa, kwa makini. Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Ukimpa kipimo cha kabati, analeta kabati la kipimo hicho. Na hayo aliyachukua kama dawa. Tangu siku ile, mama aliposema anaumwa, baba alianza kuzungumzia mvua, au bei ya mbao, au shule yangu, kwa sauti ya upole kabisa. Hakumfokea hata mara moja. Alikuwa akimtibu.

Miezi mitatu ya uzazi ikaisha na shangazi hakuondoka, kwa sababu mama hakupata nafuu. Joto la mwili lilimpanda kila jioni. Uso ulimkonda, mashavu yakaingia ndani, lakini tumbo likabaki limejaa upande mmoja. Maziwa yakamkauka, Elibariki akahamishiwa maziwa ya ng'ombe. Mtori aliusukuma pembeni, na hilo shangazi alilichukulia kama tusi.

"Uzazi wa kwetu ni miezi mitatu," alimwambia jirani yetu Mama Nuru, aliyekuwa akisaidia kuuza gengeni. "Huu wa wifi yangu nadhani utaisha mtoto akianza shule."

"Lakini amekonda, dada Eliaika," Mama Nuru alisema.

"Asiyekula hukonda."

Jioni moja baba aliniita kwenye benchi la mlangoni, mahali alipozoea kuvua viatu. Akaniambia kwa sauti ya kumwambia mtu mkubwa, "Anaeli, wewe unatoka shule mapema. Mwangalie mama yako. Nataka kujua anakuwaje wakati hakuna mtu. Usimwambie. Unaniambia mimi tu."

Nilijaa fahari. Baba hakuwa amewahi kunipa kazi ya maana hivyo. Kila siku nikawa natoka shuleni mbio, naweka begi, nasimama karibu na mlango wa chumba nikishikilia pazia. Na kila jioni nilikaa kwenye benchi na kutoa taarifa. Leo ametoka kuanika nguo mbili. Leo amemwimbia mtoto. Baba alisikiliza huku akikung'uta vumbi la mbao kwenye soksi, na neno langu alilipokea lilivyo.

Siku moja nilikuwa na habari kubwa. "Leo amecheka na Mama Nuru."

Baba akaacha kufungua kamba ya kiatu. "Amecheka?"

"Amecheka sana. Mpaka Mama Nuru akapiga makofi."

Alimwita shangazi kutoka jikoni. "Umesikia? Amecheka."

"Si nilikwambia," shangazi akasema.

Asubuhi iliyofuata, baba aliingia chumbani nikamsikia akisema, "Mama Anaeli, jana ulicheka. Nadhani leo gengeni utaweza." Mama alitoka mlangoni akiwa amejifunga kanga mbili. Alimtazama baba, halafu akanitazama mimi, na mimi nikaangalia vidole vyangu. Ulikuwa msimu wa baridi, ukungu umeufunika Meru wote, usingejua kama pana mlima pale. Mama alikaa nyuma ya meza ya nyanya akiishikilia kwa mikono miwili. Niliporudi kutoka shule mchana alikuwa bado ameishikilia vilevile, midomo imekuwa myeupe, na Mama Nuru ndiye aliyekuwa akipima na kurudisha chenji.

Nilikuwa na miaka minane. Neno langu moja, "amecheka", lilikuwa na uzito kuliko miezi yote ya mama kusema anaumwa.

Baridi ilipoisha, shangazi alinipa maelekezo ya ziada. "Wewe unasimama mlangoni, anakuona. Siku moja zunguka nyuma, uchungulie dirishani. Utamwona anavyotembea vizuri."

Nikafanya hivyo. Ilikuwa siku ya Alhamisi, shangazi alikuwa ameenda sokoni. Nilipitia nyuma ya nyumba katikati ya migomba, majani yamelowa yakinigusa shingoni, nikapanda kwenye tofali na kuweka uso kwenye wavu wa dirisha. Nilikuwa natabasamu. Nilikuwa na hakika nitamkuta mama amesimama, labda anacheza, labda anakula kitu kizuri alichokificha, na mimi nitakuwa wa kwanza kumfuma.

Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, kwenye saruji. Paji la uso lilikuwa limeegemea ukingo wa kitanda. Kanga alikuwa ameikunja mara nyingi akaisokomeza mdomoni, ameiuma, na mishipa ya shingo ilikuwa imesimama. Kulikuwa na sauti, lakini haikutokea mdomoni. Ilitoka kifuani, ndogo, kama mbao inayopasuliwa chumba cha mbali. Elibariki alikuwa amelala kitandani. Mkono mmoja wa mama ulikuwa umekamata godoro, na mkono mwingine ulikuwa mgongoni kwa mtoto, ukimpigapiga taratibu, tap, tap, tap, bila kupoteza mdundo, asije akaamka.

Sijui nilisimama pale muda gani. Nakumbuka kwamba nilichokuwa najaribu kukielewa ni kitu kimoja: hakuna mtu. Shangazi hayupo, baba hayupo, mimi hajui kama nipo. Anamdanganya nani?

Kisha ikapita. Alitoa kanga mdomoni, imelowa, akajifutia uso. Akajipaka mafuta midomoni. Akafunga kilemba upya, akajivuta mpaka kitandani, akalala, na nikaona akiupanga uso wake, kwanza mdomo, halafu macho, mpaka ukawa ule uso wa mama ninaoujua. Nilishuka kwenye tofali, nikazunguka, nikaingia kwa mlango wa mbele nikiburuza viatu.

"Umerudi, mwanangu?" akaita kwa sauti ya kawaida kabisa. "Umekula?"

Jioni sikusubiri baba avue viatu. Nilimweleza yote pale pale, kanga, magoti, shingo, sauti. Nilieleza vibaya, nilikuwa nalia, maneno yanagongana. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza kwa upole, "Nani amekufundisha kusema hivyo?"

Sikuelewa swali.

"Mama yako amekwambia uniambie?"

"Hapana, baba. Niliona dirishani."

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na sufuria. "Sasa ameshamtia na mtoto humo," akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli.

"Anaeli," baba akasema, akaweka mkono kichwani kwangu, "usijifunze uongo ukiwa mdogo hivi."

Jana yake tu angeniamini kama ningesema mama amepanda juu ya mgomba. Niliposema amecheka, hakuniuliza nani amenifundisha. Nilikaa kwenye lile benchi. Nilikuwa nimevuka mstari bila kujua, nimekwenda upande wa mama, na upande ule ukisema, maneno hayafiki. Nikaelewa kwa mara ya kwanza alikoishi mama miezi ile yote.

Bibi alikuja Jumamosi. Alikuwa mama yake mama, na kwa kawaida alishuka mara moja kwa mwezi na dumu la maziwa na ndizi, ila mwaka ule hakuwa ameshuka kwa miezi mingi kwa sababu ya kuuguza ng'ombe. Habari za binti yake alizipata kwa maneno ya kupita: anaendelea, ni mawazo tu. Nilimkuta uani akifungua kanga mgongoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi, mbona genge linauzwa na watu?"

Sikupanga kumwambia. Yalitoka yenyewe. Nilisema haraka, nikitegemea aniulize nani amenifundisha. Bibi hakuuliza hivyo. Aliuliza kitu kimoja. "Kanga aliiweka mdomoni?"

"Ndiyo, bibi."

"Akaiuma?"

"Akaiuma."

Aliliacha dumu la maziwa palepale juani, akaingia chumbani kwa mama akafunga mlango. Nilisikia Kimeru, sauti ya chini, ya bibi kisha ya mama. Alipotoka alikuwa amebeba viatu vya mama mkononi. Baba alikuwa sebuleni akisoma gazeti; alisimama kwa heshima, kama mkwe anavyotakiwa.

"Baba Anaeli, nampeleka mwanangu hospitali."

"Mama, tumeshampeleka mara tatu. Wataalamu wamesema ni mawazo."

"Hao wataalamu wamemjua lini?"

Baba akalikunja gazeti.

"Mimi nikwambie," bibi akasema. "Huyu alivunjika mkono akiwa wa umri wa Anaeli. Alichota maji siku mbili kwa mkono mmoja, mimi nikadhani anacheza. Siku ya tatu ndiyo akasema, mama, mkono unaniuma kidogo. Kidogo, na mfupa umesimama juu. Sasa mtu wa namna hiyo amekwambia miezi minane kwamba anaumwa. Wewe ulikuwa unasubiri aseme nini tena?"

"Basi Jumatatu nitatafuta—"

"Sijaja kukuomba ruhusa, mkwe wangu. Nimekuja kukuambia uvae shati."

Tulikwenda kwa pikapu ya jirani, mama na bibi mbele na dereva, baba na mimi nyuma, Elibariki mapajani mwangu. Haikuwa hospitali ile ya kwanza. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye kalamu nyweleni, na alifanya jambo ambalo sikuwahi kuona likifanywa: aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mama. "Nionyeshe kwa kidole kimoja," akasema. Mama akaonyesha.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipofumbua macho siku ile ya kupasuliwa."

Baba akasogea. "Daktari, walituambia kwamba—"

"Subiri kidogo, baba. Namsikiliza yeye."

Mama alianza kulia. Miezi yote ile sikuwahi kumwona akilia, na alilia kwa sababu ya yale maneno mawili.

Walimpiga picha ya tumbo siku hiyohiyo, na Jumapili asubuhi wakamwingiza chumba cha upasuaji. Kengele za makanisa zilikuwa zinalia huko mbali, na baba alikuwa amevaa shati lake la ibada lililokunjamana. Daktari alipotoka alikuwa ameshika bakuli la bati lililofunikwa. Alimwita baba kando, lakini hakuangalia nyuma yake, na nyuma yake nilikuwa mimi.

"Nafikiri ni haki uone," alisema, akafunua.

Kilikuwa kitambaa. Cha kufutia damu, kimekunjwa, kikubwa kama kitambaa cha kufunikia chakula mezani, kimegeuka rangi ya majani ya chai yaliyochujwa. Harufu yake ilinifikia na sitaieleza. "Hiki kiliachwa ndani siku ya kwanza," daktari akasema. "Utumbo ulikuwa umekizunguka na kuanza kuoza. Tumekata sehemu, na kizazi tumelazimika kukiondoa. Ataishi. Mngengoja wiki nyingine mbili, nisingesema hivyo."

Baba alikaa chini. Hakutafuta kiti, alikaa tu sakafuni kwenye korido, shati la ibada na yote, miguu imenyooka mbele, na watu wakawa wanapita wakimkwepa. Alikuwa anatikisa kichwa kidogo kidogo, na alichokuwa anasema, nilipoinama kusikia, ni, "Alisema. Alisema. Alisema." Bibi alikuwa karibu na dirisha na Elibariki begani. Alimtazama mkwe wake mara moja, kisha akageuza uso nje.

Shangazi alipopewa habari alikuwa anachambua mchele. Aliuacha ungo mapajani. "Lakini nilikuwa nampikia," akasema. "Kila siku nilimpikia." Alirudia hivyo mpaka Mama Nuru akaja kumshika. Alirudi Machame wiki ile, na miaka mingi baadaye, kila nilipokwenda kumsalimu, aliuliza kwanza, kabla shikamoo yangu haijaisha, "Mama yako tumbo linaendeleaje?" Baba naye alikwenda kule hospitali ya kwanza mara kadhaa akiwa na barua ya daktari. Walimwambia faili halionekani. Akaenda tena, halikuonekana. Hakuna aliyetoka kusema pole.

Siku ya tatu niliruhusiwa kumwona mama. Alikuwa na mipira puani na mkononi, lakini uso wake haukuwa umepangwa, ulikuwa umelegea. Nilikuwa nimekariri maneno yangu njia nzima.

"Mama, mimi ndiye niliyemwambia baba umecheka."

"Najua."

"Ulikuwa unaniona?"

"Unapumua kwa kelele kama baba yako." Akavuta pumzi. "Siku ile Mama Nuru hakusema kitu cha kuchekesha. Nilikuona umesimama kwenye pazia, macho yamekutoka. Nikamkonyeza. Tukacheka ili usiogope."

Sasa nimekuwa mtu mzima, nina kazi, nina watu wanaonisikiliza, na nimewahi kukaa kwenye vikao ambako mwanamke anaeleza lililompata na mtu anauliza, kwa upole uleule wa baba, kama ana ushahidi. Na ushahidi unaotolewa dhidi yake mara nyingi ni wa namna ile yangu: alionekana akicheka, alikwenda kazini kesho yake, alikuwa anaanika nguo. Mimi najua cheko lile lilikuwa kwa ajili ya nani. Kila mtu katika nyumba yetu alikuwa na la kusema kuhusu tumbo la mama, tabibu, shangazi, baba, mimi, na aliyekuwa anaishi na lile tumbo ndiye pekee ambaye neno lake lilihitaji shahidi. Gharama ya hilo ilikatwa mwilini mwake.

Mama alirudi nyumbani mwezi uliofuata, mwembamba kama msichana. Baba alikuwa amefunga karakana siku hiyo. Alimtandikia, akamfungulia dirisha, na jioni akachemsha maji ya kumwogesha, akayachanganya mwenyewe kwenye beseni na kulibeba mpaka chumbani. Mimi nilishika taulo. Mama aliingiza vidole, akavitoa haraka.

"Ya moto sana."

Baba alikuwa mtu wa kuhakikisha. Maisha yake yote ukimwambia mlango unakwama, ataufungua na kuufunga mara tatu kwanza. Mkono wake ulikwenda kwenye maji yale kabla hajafikiri. Ukafika juu ya beseni, ukasimama hapo kwenye mvuke. Kisha akaurudisha, akaufuta kwenye suruali ingawa ulikuwa mkavu, akainuka kwenda kuchukua maji ya baridi.

Mama alimtazama. "Baba Anaeli, gusa tu," akasema. "Ni maji."

"Hapana," baba akajibu kutoka mlangoni. "Umesema ni ya moto."